Jina Lililoandikwa Kazi

Mume wangu nilimjua kwa jina la kaka yake. Si utani. Alipoanza kunizungukia pale kibandani kwangu, nikiuza chai na chapati nje ya lango la kiwanda, alinitajia jina, na mimi nikalishika hilo hilo. Siku aliponipeleka kwao, kule upande wa ziwa, mama yake akamwita jina jingine kabisa, na lile nililolijua mimi likaitikiwa na mwanamume mwingine, mnene kidogo, aliyekuwa ameketi mlangoni akichokonoa meno. Yawa! Nikamvuta mume wangu kando. "Kwani wewe ni nani?" Akacheka hadi akakohoa. "Hilo la Nairobi ni la kazi," akaniambia.

Wacha nieleze, maana asiyekijua kiwanda kile atadhani niliolewa na tapeli.

Kilikuwa Indaa, kule viwandani, na kazi yake ilikuwa kuunda mabasi na malori. Chasisi ilikuja uchi, wakaichomelea bodi, wakaipiga rangi, na basi likatoka langoni likiwaka. Sisi tulikuwa tukikaa Mashimoni, Kibera, na laini yetu nzima ilikula kwa kiwanda hicho. Jirani wa kulia alichomelea, wa kushoto alifunga vioo, na mama wa ng'ambo ya mtaro alishona viti. Asubuhi wanaume walifuata reli kwa miguu hadi Indaa, na mimi nyuma yao na sufuria yangu kichwani.

Hakuna aliyeingia pale kwa barua. Uliingia kwa ndugu. Na ndugu akitoka, kwa ugonjwa au kwa kuitwa nyumbani, hakwenda kuaga ofisini. Alimvulia mdogo wake ovaroli, akampa kadi yake ya kazi, na kesho yake mdogo akasimama langoni na kuitikia jina lile lile. Nyapara alijua. Tena yeye ndiye aliyependa hivyo, kwa sababu mdogo mtu alikuja akiwa ameshafundishwa na mkubwa wake, na ofisi haikusumbuliwa. Mtu huenda, jina hubaki kazini. Hivyo ndivyo walivyosema. Wapiga rangi wengi waliitikia majina ya watu waliokuwa wakilima mahindi kwao, na mmoja aliitikia la marehemu. Hatukuona kuwa ni wizi. Mpaka leo sioni.

Kaka yake mume wangu ndiye aliyeandikwa kwanza. Alishika bunduki ya rangi kwa muda mfupi tu, baba yao akafa, na kwa kuwa yeye ndiye kifungua mimba, akarudi kushika boma. Mume wangu akavaa ile ovaroli ikiwa bado ina jasho la mwenzake. Tangu hapo, miaka yote, ni yeye. Watoto wangu wote wamezaliwa baba yao akiwa ndani ya ovaroli hiyo. Jioni akipenga kamasi, nilijua basi la siku hiyo lilikuwa la kijani au la bluu. Kifua kilikuwa kinamlilia usiku kucha. Lakini mkono wake, haki ya Mungu! Ubavu wa basi alioupiga yeye ungeweza kujinyolea ndevu mbele yake. Nyapara alikuwa akiwaleta wageni kuuona, na kuwaambia huyu ndiye fundi wetu, akiwatajia jina la shemeji yangu.

Kisha wakafunga.

Walianza kwa kupunguza siku. Tukaambiwa magari ya mtumba yameua soko, tukaambiwa umeme, tukaambiwa ushuru, kila wiki na wimbo wake. Mwishowe ukweli ukatoka: mitambo inahamishiwa Mombasa, karibu na bandari, na wataondoka na wazoefu wachache tu. Wengine wote, asanteni sana, Mungu awabariki. Mungu gani huyo wa kutumwa na watu wanaofunga lango?

Nilijua mume wangu hawezi kukosa. Nani mwenye mkono kama wake? Nikaanza kuwaambia watoto kuhusu shule za Mombasa, na kibanda changu nikamwahidi jirani yangu mshona viti. Alinitania, "Utarudi hapa na buibui, mama." Nilikuwa nimeshatoka Mashimoni kichwani mwangu. Kilichobaki ni kubeba vyombo.

Siku ya kuchukuliwa wazoefu nilikuwa palepale kibandani, nikaona kila kitu. Dada mmoja kutoka kampuni alisimama na kipaza sauti akasoma majina. Likafika la shemeji. Mume wangu akaitikia kama alivyoitikia kila asubuhi ya maisha yetu: "Niko!" Akapita mbele akiwa amenyoosha mgongo. Mezani kulikuwa na kimashine kidogo cha vidole, cha kulinganisha kidole na kitambulisho cha serikali, kitu ambacho hatukuwa tumewahi kukiona pale. Akaweka kidole. Kikalia vibaya. Akakipangusa kwenye suruali, akaweka tena. Kikalia vile vile. Nyapara alikuwa amesimama hapo karibu, akaanza kuangalia viatu vyake kana kwamba amevinunua jana.

"Wewe si huyu," yule dada akasema. Hakuwa mkali. Mume wangu akamweleza kila kitu, mbele ya watu wote, na wenzake wakadakia kwamba ni kweli, ni yeye, ndiye fundi. Dada akasikiliza mpaka mwisho.

"Na kwa jina langu mwenyewe je?" mume wangu akauliza.

Akatafuta kwenye kompyuta. "Jina lako halijawahi kufanya kazi hapa hata siku moja," akasema. "Mwenye jina aje mwenyewe, na kitambulisho chake."

Hapo ndipo mume wangu alipofanya lile ambalo mtu wa kwao pekee ndiye angelifanya. Alimpigia kaka yake simu. Nilimwambia aachane naye, atafute wakili, atafute chama cha wafanyakazi, atafute hata pasta. Akasema mkubwa akija na kusema kwa mdomo wake kwamba kazi ni ya mdogo wake, nani atabisha? Kwao neno la mkubwa humaliza kesi. Alidhani na kompyuta inalijua hilo.

Shemeji akaja na basi, na karanga za mama mkwe mfukoni. Nilimchinjia kuku. Mimi huyu, kwa mikono yangu hii! Nikampa kitanda, sisi tukalala chini na watoto. Alikula vizuri, akajipangusa midomo, akamshika mume wangu begani. "Usijali, mdogo wangu. Kesho nitawaambia ukweli wote."

Asubuhi wakaenda pamoja. Shemeji akaingia ofisini, mume wangu akabaki na mimi kibandani, chai mkononi, haijanywewa, inaota ngozi. Shemeji akatoka baadaye akiwa na helmeti mpya kwapani.

"Kidole kimekubali," akasema.

"Umewaambia?" nikamuuliza mimi.

"Hawakuniuliza, shemeji. Waliita jina, nikaitika. Ni langu."

Nilimmiminia matusi pale, wanaume wakiwa wanatazama, matusi ambayo sikujua ninayo. Nikamwambia kuku wangu amkabe huko tumboni. Akasimama tu akiikumbatia helmeti. Mume wangu ndiye aliyenishika mkono. "Wacha, mama. Ni kaka yangu." Wacha! Mimi ndiye niache!

Tukampigia mama mkwe. Nilitaka mtu mzima aamue. Akasikiliza, akavuta pumzi, akasema, "Kazi haijatoka nyumbani, mwanangu. Imezunguka tu. Mkubwa ni mkubwa." Basi. Kesi ikaisha. Asante ya punda ni mateke, nikamwambia mume wangu. Akasema nisimwite kaka yake punda.

Na bado. Kampuni ilitaka kila mtu aende na ovaroli yake. Mume wangu akaniomba nimfulie kaka yake ile ovaroli. Nilikataa. Nilimwambia afadhali niichome na mafuta ya taa. Akachota maji mwenyewe, akakaa nje kwenye mlango wetu, akaisugua kola, mifuko na magoti, laini nzima ikipita na kuona mwanamume anamfulia mtu nguo za kwenda kula kazi yake. Hakuna aliyemcheka. Ingekuwa afadhali wangemcheka.

Baada ya hapo Mashimoni ikawa si ile. Wengine walirudi mashambani, jirani wa vioo akaenda Arabuni, na milango ikafungwa kwa mbao mmoja baada ya mwingine. Kibanda changu hakikumfaa mtu. Nani anakunywa chai mbele ya lango lenye kufuli? Sisi tukahamia Kawangware, kule kituo cha 46, kwa sababu mume wangu alipata mahali pa kupaka rangi vitanda vya chuma na mageti kando ya barabara. Mimi ninafulia watu, Lavington. Ukoo mzima tumeishia kwenye beseni.

Hapa 46 anaitwa kwa jina lake alilopewa na mama yake. Ungefikiri angefurahi. Wateja wanamwita mara moja, mara mbili, na yeye ameinama tu anasugua geti, mpaka mtu amguse. Lile jingine likitajwa na mpita njia yeyote, kichwa kinainuka.

Na simu zilianza mapema. Shemeji hakujua kazi. Alichowahi kujua alikisahau shambani. Kila jioni, watoto wakifanya hesabu zao kitandani, simu inalia. Mdogo wangu, rangi inateremka. Mdogo wangu, inafanya vipele. Mdogo wangu, bunduki inatema matone. Na mume wangu anasimama katikati ya chumba, simu sikioni, mkono mwingine unapiga hewani polepole, kushoto kulia, kushoto kulia, anamwonyesha mtu asiyemwona. Ongeza thina kidogo, rangi ilainike. Usimame mbali kidogo. Usisimamishe mkono. Akimaliza uso wake unakuwa mtulivu kabisa, na mimi ninatamani kulia, halafu ninatamani kumpiga.

Juzi shemeji alipiga akiwa na habari. Amefanywa nyapara wa rangi, kwa sababu ya uzoefu wake wa miaka mingi. Mume wangu akanirudishia maneno hayo kama yalivyo, bila hata kucheka, na akasema mkubwa amefanya vizuri.

Jana ikalia tena. Ilikuwa karibu na mimi, nikaidaka.

"Shemeji, habari ya nyumbani? Nipe mdogo wangu. Kuna basi hapa la kutoka kesho, limenishinda, na wakubwa wanakuja kuangalia mkono wangu."

Nikaona ni Mungu amenipa. Basi likose, wakubwa waone, kidole kirudi kwao kikalime. Nikamwangalia mume wangu. Alikuwa kitandani, amevua shati, anapumua kwa ile filimbi yake ya kifuani.

"Hayupo," nikasema kwa sauti, ili wote wawili wasikie.

Mume wangu hakunikasirikia. Alinyoosha tu mkono. Nikaificha simu nyuma yangu kama mtoto, nikamwambia, "Tafadhali. Leo tu. Mwache aanguke." Nilimwambia hivyo kwa lugha ya nyumbani, ambayo huwa siitumii naye ila nikiwa nimezidiwa.

Akainuka, akanizunguka, akanifungua vidole taratibu, akaiweka simu sikioni. Kutoka Mombasa nikasikia shemeji akiita, "Halo? Halo? Uko?"

Mgongo wa mume wangu ukanyooka.

"Niko," akasema.