Maji ya Kuoshea Vyombo

Mwanasiti Abass hajapata kumwambia mtu kwamba mambo yake ni mazuri. Ukimkuta asubuhi bustanini kwake Tongoni, matuta ya mchicha yamejipanga nyuma yake hadi kwenye minazi ya mpakani, ukamwuliza shamba linaendeleaje, atakujibu, "Twasukuma tu, mwanangu. Jua limetumaliza." Mchicha ukistawi kuliko kawaida, husema wadudu wameingia. Wadudu wakiingia kweli, hasemi kitu.

Ndivyo alivyofunzwa. Mama yake, Bi Khairat, aliletwa kutoka Pemba kuja kuolewa hapa, na mwaka mmoja wa ukame aliita wachimbaji wakamchimbie kisima nyuma ya nyumba. Walivunja mwamba wa matumbawe kwa sululu, wakakuta maji baridi, matamu, pahali ambapo ukinyamaza unasikia bahari. Mchimbaji mmoja alitaka kupiga kelele za furaha. Bi Khairat akamwekea kidole mdomoni. Majirani walipouliza, alisema yametoka maji ya kuoshea vyombo. Haikuwa choyo. Aliyekuja na ndoo alijaziwa, na alipokuwa akiondoka aliambiwa, "Samahani, ndiyo hayo hayo kidogo." Aliogopa kijicho tu, kama watu wengi wa pwani wanavyokiogopa: kitu kikisifiwa mbele ya watu, hakidumu.

Mwanasiti alirithi kisima pamoja na jibu lake. Mumewe alipofariki, alipanua bustani, akapanda bamia, nyanya chungu na pilipili, akazungushia ua wa makuti. Alinunua mashine ya kuvutia maji, akaificha katika banda la jiko chini ya magunia, na mpira wake akaufukia ardhini. Kwenye mti wa mwisho wa bustani alitundika chungu cheusi kilichopasuka, ili jicho la mpita njia litue hapo kabla ya kufika kwenye bamia. Akina mama wauzao mboga mjini, Nguvumali na Usagara, walizifuata kwake kila alfajiri. Kwa bustani hiyo alisomesha watoto wake wote, na hakuna aliyemsikia akisema hivyo.

Kijiji kilipounda jumuiya ya watumia maji, watu walimchagua yeye kuwa katibu, kwa kuwa ana mwandiko mzuri na hajapata kugombana na mtu. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kumpokea Daniel, ofisa kijana kutoka ofisi ya maji ya bonde, aliyekuja kusajili visima vyote vya upande ule.

Daniel aliketi barazani kwa Mwanasiti. Majirani nao walikuwapo, kama kawaida mgeni anapoingia: Mzee Hatibu, ambaye bamia zake zinajulikana mjini, alikuwa akitafuna tambuu, naye Sabra, wa nyumba ya pili, alikuwa amempakata mwanawe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, ingawa huna utakachokiona."

"Kisima chenu mnakitumiaje?"

"Kisima gani hicho? Kishimo tu."

Watu wakacheka kwa adabu.

"Maji yake yanatosha kumwagilia?"

Mwanasiti alimtazama Hatibu, akamtazama Sabra. Kusema ndiyo mbele yao ilikuwa sawa na kutoka nje bila kanga. "Ya kuoshea vyombo," alisema. "Ya kutawadhia. Basi."

Daniel akaeleza bila haraka. Maji ya kunywa, kupika, kufua na kuoga ni matumizi ya nyumbani. Hayo hayaombewi kibali. Anayechukua maji kwa mashine ili amwagilie mazao ya kuuza huyo huomba kibali cha kutumia maji, na kibali kinasema achukue kiasi gani, kutoka wapi, kwa kazi gani. "Kibali si adhabu, mama," aliongeza. "Kinakulinda. Mwingine akija, ajue wewe upo."

"Nimeelewa, mwanangu."

"Kwa hiyo nikuweke matumizi ya nyumbani?"

"Niweke huko huko. Panatutosha."

Daniel alikulia bara, akalichukua jibu kama lilivyo. Ua wa makuti ulikuwa nyuma ya mgongo wake, naye hakualikwa kuuvuka.

Kisha wakazunguka nyumba kwa nyumba, katibu akitangulia. Kila walipobisha hodi, mwenye nyumba alimtazama Mwanasiti kwanza, ndipo akajibu. "Mie ni kama mwenzangu huyu," alisema Hatibu. "Kishimo." Mlangoni kwa Sabra, Daniel akiwa bado anafunga baiskeli yake, Mwanasiti alimsogelea yule binti akamnong'oneza: "Sema kidogo, mwanangu. Kidogo hakimdhuru mtu." Sabra alikuwa amekwisha kufungua mdomo kusema kweli. Akaufunga, akasema kidogo.

Mwaka jana Yasini, mnunuzi wa samaki mwenye duka Usagara, alipata kiwanja ng'ambo ya barabara ili ajenge kiwanda cha barafu. Akachimbisha kisima kirefu, na mafundi wakakijaribu kwa kuvuta maji usiku na mchana, siku baada ya siku.

Aliyegundua ni Sabra. Sabuni ilikataa kutoa povu. Maharage aliyoyainjika asubuhi yalikuwa magumu kama kokoto adhuhuri ilipoadhiniwa. Akajaza kikombe maji aliyoyateka kwa Mwanasiti, akavuka nacho ua.

"Mama Mwanasiti, onja."

Mwanasiti akaonja. Aliyatema, kisha akaonja tena, kama mtu anayedhani ulimi ndio uliokosea. Maji ya mama yake yalikuwa na chumvi: kisima cha Yasini kilikuwa kimeivuta bahari.

Juma lile tangazo likabandikwa ukutani kwenye ofisi ya kijiji: Yasini anaomba kibali, mwenye pingamizi alilete. Mwanasiti akachukua mwavuli wake, akaenda mjini kumwona Daniel.

Daniel alimpa kiti na maji ya kunywa. "Mama, nitakueleza ilivyo," alisema. "Kabla ya kumpa mtu kibali, tunatazama kwanza nani wapo na wanachukua kiasi gani. Yanayobaki ndiyo anayoweza kupewa mwombaji. Sasa kwa upande wenu hakuna anayechukua maji ya kuhesabika. Wote ni nyumbani."

"Wote?"

"Wote. Si tulizunguka pamoja?"

Hakusema kwa kulaumu. Angelaumu, Mwanasiti angepata pa kushika.

"Yasini yeye kasemaje?"

"Kasema anataka kiasi gani, kwa kazi gani, kutoka kina gani. Hakuficha kitu." Daniel akainama mbele kidogo. "Kikao cha pingamizi ni Jumamosi, shuleni kwenu. Lakini anayepinga huulizwa atapoteza nini. Mtajibu nini, mama?"

Mwanasiti aliinuka, akaaga. Alipofika barabarani, jua likiwa utosini, alikumbuka kuwa ameacha mwavuli chini ya kiti. Hakurudi. Alijifunika kanga kichwani, akaenda hivyo hivyo.

Jumamosi watu wazima walijibana katika madawati ya watoto, magoti yakigusa videvu. Yasini alisimama wa kwanza, kofia mkononi.

"Sikuja kumpora mtu," alisema. "Niliuliza nani anamwagilia hapa, nikaambiwa hakuna. Samaki wanaoza kwa kukosa barafu, ninyi mnajua. Nikaomba kama sheria inavyotaka."

Hakuna aliyeweza kumzomea. Mwenyekiti wa kikao, mama wa makamo kutoka ofisi ya bonde, akageukia madawati. "Nani kati yenu anachukua maji zaidi ya matumizi ya nyumbani?"

Mzee Hatibu akatazama dari. Mwingine akajishughulisha na kamba ya kiatu. Kisha, mmoja baada ya mwingine, wakamgeukia Mwanasiti, kama walivyomtazama siku ile milangoni.

Akasimama. Dawati likasimama naye, ikabidi ashikiwe.

"Mimi."

"Kwa kiasi gani?"

Hilo ndilo neno ambalo hakuwahi kulitamka katika maisha yake. Alibana ncha ya kanga kwa meno, akaiachia. "Nina mashine. Nawasha asubuhi na jioni. Najaza tangi, nanyweshea bustani yote, najaza tena. Na kisima hakishuki."

"Hakishuki?"

"Hakijapata kushuka tangu mama alipokichimba. Maji mengi. Matamu. Yalikuwa matamu."

Akainamisha kichwa, akingoja macho ya watu yamwangukie. Badala yake alisikia Hatibu akikohoa.

"Mwanasiti, hiyo mashine yako twaisikia hata tukiwa tumesujudu."

Darasa zima likaangua kicheko. "Mie mwanangu halali mpaka ingurume," akadakia Sabra. "Ikiharibika, nakesha." Mtu wa nyuma akasema chungu cheusi nacho kimewasaidia sana, wageni wakipotea huelekezwa kwacho: ukikiona chungu, ndipo penye mboga.

Mwanasiti alisimama katikati ya kicheko hicho, masikio yakimwaka. Miaka yote alikuwa ameficha kitu ambacho kila mtu alikijua, nao wakamstahi kwa kujifanya hawakijui. Mtu pekee aliyemdanganya ni yule aliyekuja kuuliza ili awalinde. Aibu aliyoingia nayo mlangoni, ya kuonekana ana kitu, haikuwa ya kweli. Hii ilikuwa nyingine, nayo ilimfanya atamani ile ya kwanza.

"Nilimwambia Sabra aseme kidogo," alisema, na kicheko kikakatika. "Alitaka kusema kweli, nikamzuia. Na wengine nilikuwa nimewatangulia mimi. Muandike hivyo."

"Mie sikutanguliwa na mtu," alisema Hatibu, bila mzaha sasa. Akainuka kwa shida. "Nilikwenda kwa miguu yangu. Nina mashine mbili."

Baada yake mikono ikaanza kunyanyuka, mmoja huku, mmoja kule, mingine nusu nusu kama ya watoto wasio na hakika ya jibu. Mwenyekiti aliandika kwa muda mrefu. Mwishowe akasema ombi la Yasini litasimama hadi maji ya upande ule yapimwe upya, na kila mwenye mashine aombe kibali chake, aseme kilichopo.

Yasini akavaa kofia yake. Alipompita Mwanasiti alisimama. "Mama yangu, ungenambia tangu mwanzo," alisema kwa upole, "ningechimba kwingine."

Hata "twasukuma tu" haikumjia Mwanasiti.

Siku ya kupima, Daniel alikuja na utepe mrefu wa kipimo, na mwavuli chini ya kwapa. Akamkabidhi mwavuli, naye Mwanasiti akaupokea kwa mikono miwili. Ua wa makuti ulikuwa umefunguliwa upande mmoja. Majirani walisimama kando ya matuta, na mashine ilikuwa nje ya jiko, haina gunia, inanguruma mbele ya watu wote.

Daniel alishusha utepe, akasubiri, akaupandisha, akasoma. Kisha akauliza kama alivyouliza mara ya kwanza, kwa maneno yale yale. "Mama, kisima mnakitumiaje?"

"Kumwagilia. Mboga za kuuza."

"Maji yanatosha?"

Jibu la mama yake lilimpanda hadi kwenye ncha ya ulimi. Mwanasiti akalimeza. "Yanatosha. Lakini yameingia chumvi, na sijui kama itatoka."

Daniel akatikisa kichwa kuonyesha kwamba naye hajui, akaandika.

Watu walipotawanyika, Sabra alibaki na ndoo yake mlangoni mwa ua. Mwanasiti akateka, akamjazia hadi ukingoni, akamsaidia kujitwika. Kila jirani aliyewahi kutoka hapo na ndoo aliambiwa maneno yale yale mlangoni, kwamba ndiyo hayo hayo kidogo, na Sabra alisimama kidogo kuyangoja.

"Samahani, mwanangu," alisema Mwanasiti. Akaishia hapo.