Jioni Mama Alipopiga Fidla, Mkondoa Ukipanda

Juzi nilipita kwa seremala mmoja hapa Morogoro kuulizia kitanda, na kabla sijamaliza salamu nikasahau kilichonileta. Alikuwa ametoka kupasua gogo la msonobari. Harufu ya utomvu wake ikanivuta moja kwa moja mpaka Kilosa ya utoto wangu, kwenye chumba chetu cha mbele, Mama akiusugua upinde wa fidla yake kwa kipande cha ulimbo, utomvu wa msonobari uliokaushwa, wenye rangi ya asali, vumbi jeupe likimwangukia kwenye khanga.

Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Fidla alifundishwa na masista alipokuwa chuoni, na hiyo aliyokuwa akiipiga ilikuwa mali ya parokia. Majirani walishamzoea. Akianza tu, utasikia mtu nje akisema, "Haya, Mwalimu kaanza kumkamua paka."

Ilikuwa miaka ile maduka yalipoanza kujaa vitu tena, sabuni za kunukia na viatu vya mitumba, na watu wakawa na hamu ya kila kilicho kipya. Nadhani ndiyo maana hakuna aliyemcheka padri wetu mzee alipotangaza kwamba mpiga piano anakuja kutoka Dar es Salaam, na kutakuwa na jioni ya muziki kwenye ukumbi wa parokia. Padri mwenyewe angepiga selo, ile fidla kubwa inayoshikwa katikati ya magoti. Mama angepiga fidla. Hakuwahi kupiga mbele ya watu hata siku moja, na wiki ile nzima aliunguza wali.

Bibi, mama yake Mama, tuliyekuwa tukiishi naye kwenye nyumba ya udongo karibu na mto Mkondoa, alikataa kwenda. Alisema mgongo wake haupatani na mabenchi ya kanisa. Lakini siku yenyewe yeye ndiye aliyetuhangaisha tangu mchana: nimeoga, sijaoga, mbona nywele hazijachanwa. Jua lilikuwa bado juu alipotusukuma mlangoni.

"Nendeni mapema mkapate nafasi ya mbele," alisema. Kisha akamshika Mama mkono. "Na wewe, usinyanyuke pale mpaka umalize. Umenisikia?"

"Nimesikia, Mama."

Baba alikuwa safarini na treni, kwa hiyo ukumbini niliketi na jirani yetu, Mama Zawadi. Viatu vyangu vya mtumba vilinibana. Mgeni alikuwa baba mnene mwenye tai nyekundu, aliyekuwa ameshinda ndani ya piano kuukuu ya parokia akikaza nyaya. Walipoanza kupiga nilishangaa kwamba sauti ya yule paka wetu, ikiegemea piano na selo, ilikuwa nzuri hivyo. Watu walitulia. Mimi sikutulia. Niligeuka huku, nikageuka kule, mpaka Mama Zawadi akanibana kwa goti lake.

Ndipo wakaingia wanaume wawili waliochelewa, suruali zimelowa mpaka magotini. Nje hapakuwa na tone la mvua. Walipokaa, mnong'ono ukaanza kutoka benchi la nyuma, ukaja mbele kama mtu anayetafuta nafasi ya kukaa.

"Mto umepanda. Imenyesha huko juu Lumuma tangu jana."

"Bibi yuko peke yake," nikamwambia Mama Zawadi.

"Shii. Maji yako barabarani tu. Hayajafika kwenu."

"Nataka kwenda."

"Uende wapi giza linaingia? Kaa."

Nilimtazama Mama. Alikuwa ameziona zile suruali. Kipande kilipokwisha, watu wakipiga makofi, alimwinamia yule mgeni akamwambia kitu, naye mgeni akaitikia kwa kichwa. Kikabaki kipande cha mwisho. Tulikuwa tumekisikia nyumbani mara nyingi. Kilikuwa cha polepole, cha kulaza watoto. Jioni ile Mama alikianza mbio. Padri aliinua macho kwa mshtuko, selo ikabaki nyuma. Lakini yule mgeni aliegemea mbele, akamtazama Mama usoni, akaongeza mwendo naye, akawa kando yake kila alipokwenda, hata padri akapata pa kushika. Watu walianza kugonga miguu chini. Mama alikuwa akitokwa na jasho, macho dirishani, na mimi nilimchukia. Niliona anacheza wakati Bibi anazama.

Noti ya mwisho ilipotoka, hakuinama kushukuru. Aliiweka fidla juu ya kiti akashuka jukwaani akikimbia, na makofi yakiwa bado yanalia. Mgeni akamfuata. Padri akatupa funguo za gari lake la mizigo kwa katekista, nami nikapanda nyuma kabla mtu hajanizuia.

Maji yalikuwa yamefika magotini uani kwetu. Ndani, Bibi alikuwa ameketi juu ya meza, tenga la kuku mapajani, magodoro yamening'inizwa kwenye boriti. Taa ya chemli ilikuwa inawaka vizuri kabisa.

"Mbona mapema?" aliuliza. "Wamewafukuza?"

Mama alimshika miguu. Alikuwa analia.

"Nakuuliza. Umemaliza?"

"Nimemaliza, Mama."

"Wakapiga makofi?"

"Wamepiga."

"Haya. Shika kuku."

Mgeni alijongea, tai ikiwa begani. "Shikamoo, Bibi. Panda mgongoni."

"Marahaba. Ndiye wewe mpiga kinanda? Angalia hivyo vidole vyako, na usiniangushe."

Hakumwangusha. Asubuhi tulipokwenda kutazama, ukuta wa nyuma ulikuwa umelala, na jiko halikuwepo. Tulikaa darasa moja la parokia mpaka Baba alipopata kiwanja kingine cha kujenga, huko Chanzuru.

Kwa miaka mingi nilisimulia kwamba sisi ndio tuliomwokoa Bibi. Nilikuwa nimeshaolewa siku nilipomuuliza, tukichambua mchele, kama kweli hakusikia mto ukibadilika, yeye aliyezaliwa ukingoni mwake.

"Nilisikia tangu mchana," alisema, bila kuinua macho. "Ndiyo maana niliwatoa."

"Kwa nini usiseme, Bibi? Tungehamisha vitu."

"Ningesema, mama yako angekwenda?"

Nikaendelea kutoa chuya. Nilielewa magodoro yale yalipandishwa na nani, na saa ngapi. Nikaelewa pia mbio za Mama. Alikuwa amekatazwa kunyanyuka kabla hajamaliza, naye hakujua kumkaidi mama yake, kwa hiyo alikimbia kuelekea nyumbani kwa njia pekee aliyoachiwa, ameketi kitini mbele yetu sote. Sisi tukampigia makofi. Mtu mmoja tu mle ukumbini alijua kwamba yule mwanamke anakimbia, na alikuwa mgeni.