Mtahini Asiyeitikia Shikamoo

Mtahini wangu alitoka Mikumi kuja Kilosa kuangalia kama naweza kuachwa peke yangu na wagonjwa. Tiba yetu ni ya mazungumzo: unamsaidia mtu kulihoji wazo linalomtesa, kisha kulipima kwa vitendo. Mtahini alitakiwa akae kwenye kona, asitoe neno. Nikifaulu, napata cheti. Nikishindwa, nabaki mwanafunzi mwenye upara.

Mgonjwa wangu alikuwa mama mkulima wa mpunga. Mtu akimnyamazia tu, anaamini amemuudhi, na kwa ajili hiyo alikuwa ameacha hata kwenda sokoni. Nilimwambia mapema kwamba kutakuwa na mgeni, akakubali. Nilichosahau kumwambia ni kwamba mgeni mwenyewe haruhusiwi kuongea.

Mama akaingia, akamwona mtahini pale kwenye kona, mzee wa watu na mvi zake, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, baba."

Mzee akainamisha kichwa. Kimya.

Huku kwetu kutoitikia shikamoo si jambo dogo. Mama akaketi ukingoni mwa kiti, macho sakafuni. Nikamlaani kimoyomoyo aliyetunga kanuni ile, maana mzee alikuwa amemtonesha mtu pale pale penye kidonda.

"Mama, wazo gani limekujia sasa hivi?"

"Baba amenichukia."

"Kuna sababu nyingine inayoweza kumnyamazisha?"

Akamkagua mzee kama anayenunua mbuzi. "Labda jino. Au hasikii. Au mkewe kamfukuza."

Mzee akakohoa.

"Tutajuaje?" nikauliza.

"Nimuulize."

Ndiyo tiba yenyewe, nikamwacha. Akainuka, akamsogelea. "Baba, nimekukosea nini?"

Mzee akanitazama, akatazama karatasi zake, jasho likamtoka.

"Marahaba, mwanangu! Marahaba sana! Hujanikosea kitu, nimekatazwa kuongea!"

Mama akacheka mpaka akakaa chini. Mtahini hakucheka. Tulipotoka nje akanieleza kwa upole kwamba sauti yake imeharibu mtihani, itabidi nirudie. Nilikasirika hadi masikio yakawaka moto.

Mama akapita kutuaga. "Kwaheri, baba." Mzee alikuwa ameshaweka simu sikioni, akampa mgongo bila kujibu. Roho ikanipasuka.

"Ana lake huyo," mama akaniambia. Akakaza kanga yake, akashika njia ya sokoni.

Mtihani nilirudia na mgonjwa mwingine. Mama hakurudi tena kwenye tiba, na sijawahi kufurahi hivyo kwa kumkosa mtu.