Ufunguo wa Tangi la Kanisa

Mimi shule niliishia darasa la nne, na sioni haya kulisema. Waliomaliza hadi vyuo wanakuja kwangu kuomba kazi. Nina mashamba ya mikorosho Makote na Chilangala, nina duka Newala mjini na lori linaloshuka Masasi kila wiki, na hakuna aliyenishika mkono. Hivyo ndivyo nilivyozoea kusema, na nilisema mbele ya watu wengi.

Si kweli yote. Nilianza na baiskeli. Nilikuwa nashuka bondeni kuchota maji, nafunga madumu manne, nasukuma hadi juu Kitangari kuuza. Pale njia inapomalizia kupanda alikaa mama mmoja akiuza uji. Siku ambazo maji hayakununuliwa alinipa kikombe bila kuniuliza kitu. Baadaye, nilipokwisha kuwa na lori, alikuwa bado akinitania mbele ya watu: "Huyu mnayemwita tajiri alikuwa na kaptula moja. Siku ya kuifua alikuwa anajificha nyuma ya banda langu hadi ikauke." Watu walicheka, na mimi nilicheka, maana kwake sikuwa na ujanja.

Tulipojenga tangi la kuvunia maji ya mvua kutoka bati la kanisa kigangoni kwetu, saruji nilitoa mimi, yote. Mchanga walibeba waumini kichwani kutoka bondeni, kila kaya ndoo saba. Yule mama, mzee tayari na mjane, alibeba zake saba, akabeba na za jirani yake aliyekuwa mgonjwa. Tangi lilipojaa mvua za kwanza, padre alikuja kulibariki. Alihubiri kwamba Mungu aliumba mali ya dunia kwa ajili ya wote, na kwamba Kanisa humtazama maskini kwanza. Niliitikia amina kwa sauti. Nilikuwa nimekaa benchi la mbele.

Halafu nikanunua kufuli. Mimi ndiye mwenyekiti wa jumuiya yetu ya sala, na niliona watu wanakuja na ndoo lakini kwenye sala ya Jumamosi asubuhi hawaonekani. Nikapendekeza sheria: atakayekosa jumuiya mara tatu mfululizo hachoti mpaka ajirekebishe. Katekista alikuna kichwa, akauliza kama maji na sala ni kitu kimoja. Nilimwambia bila nidhamu hakuna maendeleo, mimi ni mfano. Wakapiga makofi, sheria ikapita, ufunguo nikauning'iniza nyumbani kwangu.

Msimu wa korosho ukaingia, na huko kwetu wakati huo ndio ukame unakaza. Vibarua wangu wanaanza kuokota alfajiri, Jumamosi ikiwemo, hasa Jumamosi, maana Jumatatu mzigo unatakiwa ghalani. Yule mama alikuwa mmoja wao. Nilijua yuko shambani kwangu. Nilijua pia hayuko jumuiyani, kwa sababu katibu alisoma majina mbele yangu, nami nimevaa shati langu la kupigwa pasi. Vitu hivyo viwili sikuviweka pamoja kichwani. Mtu anayejua hesabu za magunia kama mimi.

Jumapili moja baada ya ibada alipanga ndoo yake kwenye bomba la tangi. Katibu akamwambia jina lake limekatwa. Akanigeukia. Watu nyuma yake walikuwa wakisikiliza.

"Mama, shikamoo," nikasema. "Sheria ni ya wote. Nikikupa wewe, wengine watasema nini?"

"Marahaba, mwanangu. Sawa. Umeipanga vizuri."

Akajitwika ndoo yake kichwani, tupu, akaenda zake.

Wiki hiyo alishuka bondeni. Kupanda akiwa na maji, mguu ukateleza kwenye changarawe, akavunjika nyonga. Hospitalini walifanya walichoweza, umri ulikuwa umekwenda, wakamrudisha nyumbani kulala. Nilikwenda kumwona na mchele, sukari na mablanketi mawili mapya, maana mimi siendi mahali mikono mitupu. Nilikuwa nimejiandaa kusema jambo. Kabla sijakaa vizuri akaniuliza, "Mstari wangu wa mikorosho umempa nani?"

Nikamwambia sijampa mtu. Akasema basi atajitahidi arudi kabla msimu haujaisha. Lile jambo halikutoka. Niliaga nikiwa nalo, na siku ya tisa akafariki.

Sasa, kwetu katekista haziki bila barua ya jumuiya kuthibitisha kwamba marehemu alikuwa anashiriki, na sahihi ni ya mwenyekiti. Tulikaa uani kwa marehemu, akina mama wameshakoka moto, na katibu akafungua daftari. Akasoma kwa sauti ya chini kwamba mama huyu amekosa Jumamosi saba.

Katekista akauliza taratibu, "Jumamosi hizo alikuwa wapi?"

Nilitazama waliokaa mikekani. Karibu nusu wanaokota kwangu. Wote walikuwa wanajua jibu, kila mmoja anatazama mikono yake.

"Alikuwa shambani kwangu," nikasema. "Zote saba. Mimi ndiye niliyemzuia sala, na mimi ndiye niliyemnyima maji kwa kukosa sala."

Nilidhani mtu atanitukana. Ningeshukuru. Katekista alinisogezea karatasi na kalamu, akasema, "Basi weka sahihi, mwenyekiti." Mkono wangu ni mzito kwenye kuandika siku zote. Siku ile ulikuwa mzito zaidi.

Alizikwa kwa ibada kamili. Maji ya kupikia msibani yalitoka tangini. Kufuli nilikwenda kulitoa mwenyewe kabla watu wote hawajatoka makaburini, na ufunguo sijui niliutupia wapi. Jumamosi shambani kwangu sasa kazi inaanza baada ya jumuiya. Uenyekiti nilitaka kuuacha, wakakataa, wakasema nani mwingine ataweza.

Bomba liko wazi. Ila hadi leo mtu akifika pale na ndoo, hasimami bombani kwanza. Anakuja mlangoni kwangu, anapiga hodi, ananiamkia. "Mwenyekiti, leo tunaruhusiwa?" Namwambia maji ni yake, mchanga alibeba mwenyewe, achote. Ananipigia goti.

"Ahsante, baba," anasema, kana kwamba nimempa mimi.