Mume Wangu Alihamisha Vigingi vya Chemchemi ya Mama Yake

Admin, nifichie jina, huku kwetu watu wanajuana. Nina miaka thelathini na sita, mama wa watoto wawili. Nimezaliwa Kericho mjini, wazazi wangu ni Wakikuyu wa biashara, na nimeolewa upande wa Roret. Mimi na mume wangu tuna kaofisi ketu ka kushauri watu kuhusu mazingira. Mtu akitaka kujenga karibu na maji, tunamwonyesha kinamasi kinaishia wapi. Yeye anasoma mimea, mimi nachimba udongo. Pale tope la kijivu linapoishia, naingiza kigingi ndani ya shimo lilelile nililochimba. Ni kazi chafu lakini tuliipenda, tulikuwa tunarudi nyumbani tukichekana.

Mwaka huu kaka yake alitaka kuuza shamba lililo juu ya chemchemi ya kijiji, mnunuzi ajenge nyumba za kupangisha. Tulipopima, sehemu kubwa ilikuwa kinamasi, na hapo hairuhusiwi kujenga. Niliweka vigingi, kisha nikaenda kumuuguza mamangu mjini. Kurudi, nilikuta mtaro wa kukausha kinamasi umeshachimbwa. Vigingi vyangu vilikuwa vimesogezwa chini, karibu kabisa na maji, kinamasi kionekane kidogo. Huko juu kwenye nyasi mashimo yangu yalikuwa yamebaki matupu.

Nilimuuliza mume wangu na hakukataa. "Bro alikuwa na shida, ningefanya aje? Na usiingilie mambo ya hii boma. Wewe ulikuja tu." Nimekuja tu! Watoto wake nimezaa, matope nimeingia naye mpaka magotini, halafu mimi ni mtu wa kuja. Nililia mpaka kichwa kikauma.

Kinachonimaliza ni mama mkwe. Siku ya kwanza nilipofika kwake alinipa jina la kwao, Chebet, akanipeleka kwenye hiyo chemchemi na kuninywesha maji kwa kiganja chake. Sasa chemchemi imebaki tope. Juzi alinishika mkono akaniuliza, "Chebet, si wewe ndio daktari wa maji? Tumekosea Mungu wapi?"

Nikamjibu, "Sijui, Mama." Mwanawe, mume wangu, alikuwa amesimama hapo hapo, anaangalia simu.

Mtaro ukizibwa sasa, maji yanaweza kurudi. Wakishamwaga msingi, basi, imeisha. Lakini nikisema ukweli, ndoa yangu imekwenda na kazi pia, na mama atajua kwamba wanawe aliowazaa ndio wamemkaushia maji. Nikinyamaza, nitakuwa namwangalia akibeba mtungi mtupu kila asubuhi, akidhani ni adhabu ya Mungu.

Jumapili hii waumini wanakuja kuombea chemchemi, na mama ameniomba mimi na mume wangu tuongoze maombi. Amenishonea hata kitambaa cha kichwa. Jamani, nishaurini. Watu wakishafumba macho wakinisubiri nianze, niseme nini?