Nilimufuata Elisha Mpaka ku État Civil

Aibu yangu nitawaambia mi mwenyewe, mbele ya bengine kuiongeza chumvi. Mpaka leo sipiti mbele ya bureau ya état civil ya hapa Baraka, kule serikali inaandikisha ndoa na batoto, nazungukia ku soko, hata kama iko mbali.

Mi na Elisha, fundi wa mbao, tulitaka kuoana. Yeye bibi yake alikufa. Mi bwana yangu wa kwanza, Mateso, tuliandikishana ku état civil, kisha akaniacha, familia yetu ikarudisha mbuzi zao za mahari, mambo ikaisha (mi nilizania iliisha). Lakini tangu tupeleke majina ku bureau, Elisha akageuka: kila wiki anapanda moto, ile pikipiki ya kulipa, anaenda Lubondja, nikimuuliza anasema ni mbao, na anarudi bila hata ubao moja, na simu ikilia anatoka inje. Nikajisemea, huyu iko na bibi kule, na pengine ule wa kufa iko muzima, anapika ugali.

Kumuuliza vizuri kulinishinda. Asubuhi moja nikaona anavaa shati ya kanisa, anaingiza bahasha mufukoni, basi nikaacha samaki zangu za ndagala juani, nikachukua moto, nikamufuata mpaka ku bureau. Ndani bamama banajaa na batoto ba kuandikisha, Elisha amekaa mbele ya meza. Sikusalimia muntu. Nikasema kwa sauti kama huyu mwanaume iko na bibi Lubondja, basituoze, na ile bahasha baifungue.

Mama wa état civil akaifungua pole pole, akasoma, akaniuliza jina, akanitazama.

"Mama, huyu baba hana bibi. Ni we njo uko na bwana."

Kumbe kurudisha mbuzi haivunji ndoa ya serikali, inaomba jugement ya tribunal, hukumu ya korti, na mi sikukuwa nayo. Bureau ilimuambia Elisha peke yake, akaenda kumubembeleza Mateso kule Lubondja akubali kufika mbele ya juge, na ndani ya bahasha kulikuwa barua ya Mateso ya kukubali. Mama moja akacheka, bote bakacheka. Elisha hakucheka. Njiani akaniambia tu:

"Nilikuwa nakufichia aibu, we umeileta mwenyewe mbele ya bantu."

Mashaka ningali nayo, sitawadanganya, ila sasa nauliza nyumbani, mulango imefungwa. Jugement ilitoka, tukaoana. Na siku ile, mama wa état civil alipouliza kama kuko muntu wa kupinga hii ndoa, alinitazama mi kwanza.