Nusu Buluu

Fundi wa maabara ya hospitali ya watoto aliitwa Mama Darubini, na jina lilimkaa sawasawa. Mashine mpya ya kupima damu ilipoletwa, wenzake walipiga vigelegele. Yeye alivuta kiti chake akaendelea kuhesabu chembe kwa macho yake mwenyewe. Wakimcheka, wacheke tu, alisema.

Asubuhi hiyo mtoto mmoja alimkaa kichwani. Miezi kumi na minne, majipu yasiyokwisha, nimonia mara tatu. Bibi yake, mama wa baba, alikwishakata shauri: mkaza mwana wake ni mchafu, na kesho mtoto akitoka wodini anakwenda kulelewa kwake. Mama mtu alikuwa amesugua mikono kwa sabuni hadi ikachanika. Mama Darubini alipoiona, roho ilimuuma.

Kipimo chenyewe ni chepesi. Unatia rangi ya manjano kwenye damu, na chembe nyeupe zenye nguvu ya kuua vijidudu zinaigeuza buluu. Pembeni unaweka damu ya mtu mwenye afya, ulinganishe. Kwa desturi hutolewa damu ya mfanyakazi, lakini mama wa mtoto alikwishakunja mkono wa gauni.

"Chukua yangu, dada. Angalau nami nifae kitu."

Mama Darubini akashindwa kumkatalia. Hapo ndipo alipokosea, maana damu ya kulinganisha haitakiwi itoke kwa ndugu wa mgonjwa.

Chembe za mtoto hazikugeuka hata moja. Za mama ziligeuka nusu, nusu zikagoma.

"Rangi imeharibika," daktari wa mtoto alisema baada ya kuchungulia kwenye darubini. "Mwaga, tuagize nyingine."

Nyingine ingefika baada ya wiki tatu! Mama Darubini alifunga mpira mkononi, akamwita mwenzake amtoe damu yake. Dakika arobaini za kusubiri zilimtoa jasho. Kisha akainamia darubini: buluu, buluu, zote buluu!

"Daktari! Rangi ni nzima! Kasoro iko kwenye chembe za mtoto, na mama yake anayo nusu!"

Daktari alitazama mara mbili, akajipiga paji la uso. "Kumbe ni ya kurithi! Ungeweka damu yako tangu mwanzo tusingeiona hiyo nusu. Aanze dawa leo leo."

Mama Darubini alipanda ngazi mbili mbili hadi wodini, magoti yakimlaumu, akawaeleza mama na bibi bila kupumua.

"Kwa hiyo nimemwambukiza mimi?" mama aliuliza.

"Hujamwambukiza. Umezaliwa nayo bila kujua. Hata ungemwogesha mara kumi kwa siku, majipu yangetoka tu."

Mama akalia kwa sauti, kilio cha mtu aliyetuliwa mzigo. Bibi akauliza dawa hizo zinatolewa saa ngapi.

"Saa mbili asubuhi na saa mbili usiku. Kila siku."

Bibi akamgeukia mkaza mwana wake. "Ya usiku naweza kuja kukusaidia. Kama utanifungulia mlango."

Yule mama alifuta machozi.

"Nitafungua, mama."